ASIYEKUWAPO NA LAKE HALIPO: RUNINGA YA TAIFA, YA MIKOA NA YA MITAA NCHINI KOLOMBIA

Wahenga walinena kuwa asiyekuwapo na lake halipo. Methali hii nimeitumia katika insha mara nyingi, na kusema kweli kila mara nilikuwa naichomeka tu ili nipate alama. Maana yake ilinikaa moyoni siku mtaa wetu ulipoonyeshwa kwenye runinga.

Mto ulikuwa umefurika na kubeba nyumba kadhaa. Jioni tukajazana kwa jirani mwenye runinga kubwa, kila mtu akimnyamazisha mwenzake. Habari yenyewe haikutimiza hata dakika mbili. Jina la mto lilitamkwa visivyo, akina mama wawili wakaonyeshwa wakilia, kisha likaja tangazo la sabuni. Basi! Tangu siku hiyo hatujaonekana tena. Mama mmoja aliyekuwa ameketi karibu nami akauliza, "Kwani sisi hadi tufikwe na maafa ndipo tuonekane?" Hakuna aliyemjibu.

Swali lile lilinikera kama mchanga katika kiatu. Nikaanza kutafuta iwapo kuna nchi ambayo watu wa pembeni wana runinga yao wenyewe. Katika somo la jiografia tulikuwa tunasoma juu ya kilimo cha kahawa nchini Kolombia, nami nikajiambia, hebu niisome nchi hii zaidi. Kumbe nilikuwa nimefika penyewe! Wakolombia wamekuwa wakivutana juu ya swali la mama yule kwa muda wa miaka 70. Nao wamejenga runinga ya ngazi tatu: ya taifa, ya mikoa na ya mitaa. Katika makala haya nitaeleza jinsi kila ngazi ilivyozaliwa, inavyofanya kazi, na kile ambacho ngazi nyingine haiwezi kukifanya kwa niaba yake.

Nchi yenye milima mitatu mgongoni

Kolombia iko kaskazini magharibi mwa Amerika Kusini. Ina pwani mbili, moja ya bahari ya Karibi na nyingine ya Pasifiki. Ukubwa wake ni zaidi ya kilomita milioni 1.1 za mraba, yaani karibu mara mbili ya Kenya yetu, na wakazi wake ni zaidi ya milioni 50. Lugha ya taifa ni Kihispania, lakini zipo pia lugha za wenyeji zaidi ya 60.

Jambo kubwa kwetu ni milima. Safu ya Andes inapoingia Kolombia hupasuka na kuwa safu tatu zinazokwenda sambamba kutoka kusini hadi kaskazini. Mji mkuu, Bogotá, uko mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Sasa fahamu kwamba mawimbi ya runinga husafiri kwa kunyooka, mfano wa mwanga wa tochi. Mlima ukiukinga mwanga huo, upande wa pili ni giza totoro. Kwa hivyo ni lazima vilele vya milima viwekwe mitambo ya kupokezana mawimbi, huu unapokea kutoka kwa ule na kuusukumia wa tatu, kama wanariadha wetu wanavyopokezana kijiti. Kila mtambo ni gharama. Kila mtambo huhitaji barabara ya kuufikia, umeme na mlinzi. Ndiyo maana kwa miaka mingi mtu aliyekaa nyuma ya milima, au kule kwenye misitu ya Amazon, alisikia tu kwamba kuna kitu kiitwacho runinga.

Ngazi ya kwanza: Runinga ya taifa

Runinga ilianza Kolombia tarehe 13 Juni 1954. Tarehe hiyo haikuja kwa bahati. Mwaka mmoja kamili kabla yake, tarehe 13 Juni 1953, Jenerali Gustavo Rojas Pinilla alikuwa ametwaa madaraka kwa mapinduzi. Alitaka kuadhimisha mwaka wake wa kwanza kwa kishindo, na kishindo chenyewe kikawa runinga. Kazi ya kuleta mitambo alipewa Fernando Gómez Agudelo, kijana aliyekuwa msimamizi wa redio ya taifa. Kwa kuwa nchini hapakuwa na mafundi wa kazi hiyo, wengine waliletwa kutoka Kuba, ambako runinga ilikuwa imetangulia kuanza. Usiku ule wimbo wa taifa ukapigwa, Jenerali akahutubia, na picha zikaonekana Bogotá na Manizales.

Tazama basi tangu mwanzo: runinga ilizaliwa mikononi mwa mtawala, na iliona kile alichotaka ionekane. Rojas Pinilla mwenyewe aling'olewa mwaka wa 1957, lakini mtambo ulibaki mikononi mwa serikali. Mwaka wa 1963 likaundwa shirika la serikali lililoitwa Inravisión, nalo likasimamia runinga kwa miaka 40 hivi.

Hata hivyo serikali haikuwa na fedha za kutengeneza vipindi vyote. Hapo Wakolombia wakabuni utaratibu ambao wao wenyewe waliuita wa mseto. Chukulia mwenye jengo la vyumba vingi. Jengo ni lake, paa ni lake, ufunguo wa lango ni wake, lakini vyumba anavikodisha. Ndivyo ilivyokuwa. Serikali ilimiliki mitambo na chaneli, halafu ikakodisha saa za matangazo kwa kampuni binafsi. Kampuni moja huenda ikapewa saa moja Jumatatu usiku na nusu saa Alhamisi, nyingine ikapewa habari za saa moja, na kadhalika. Kila kampuni ilitengeneza vipindi vyake na kujitafutia matangazo ya biashara.

Utaratibu huu ulikuwa na tamu yake na chungu yake. Tamu ni kuwa kampuni nyingi zilishindana chini ya paa moja, na ushindani huo ukakuza ufundi mkubwa wa tamthilia. Hata baadaye Kolombia iliendelea kusifika kwa fani hiyo. Ile tamthilia ya Yo soy Betty, la fea, inayomhusu msichana mwenye akili nyingi ambaye watu wanamdharau kwa sura yake, ilionyeshwa huko kati ya 1999 na 2001, kisha ikaigizwa upya katika nchi nyingi, ikiwemo Marekani.

Chungu yake je? Mwenye ufunguo wa lango ndiye aliyeamua nani apate chumba. Basi baadhi ya vipindi vya habari vikaangukia jamaa za wakubwa. Andrés Pastrana, kwa mfano, alianzisha na kuongoza kipindi cha habari kilichoitwa TV Hoy. Baba yake, Misael Pastrana, alikuwa rais kutoka 1970 hadi 1974, na Andrés mwenyewe akaja kuwa rais mwaka wa 1998. Sisemi kwamba mtoto wa rais hawezi kutangaza habari vizuri. Nasema tu, mtoto wa mkulima wa kule msituni hakupata nafasi kama hiyo.

Tusisahau pia kuwa runinga ya taifa ilifundisha. Katika miaka ya 1960 vilirushwa vipindi vya masomo kwa ajili ya shule za msingi, wakisaidiana na wafanyakazi wa kujitolea kutoka Marekani. Mwaka wa 1970 ikaongezwa chaneli ya elimu. Rangi zilikuja rasmi mwezi wa Desemba 1979. Kabla ya hapo kila kitu kilikuwa cheusi na cheupe, hata jezi za mpira.

Mwaka wa 1985

Sasa msomaji wangu, kaa vizuri, kwa maana tumefika mahali penyewe.

Tarehe 6 Novemba 1985, waasi wa kundi la M-19 walivamia Jumba la Haki mjini Bogotá, makao ya Mahakama ya Juu, wakawashika mateka majaji na watu waliokuwamo. Jeshi likaja na vifaru. Mapigano yakaendelea hadi siku ya pili, jumba likashika moto na kuungua. Watu wapatao 100 walipoteza maisha, na kati yao walikuwemo majaji 11 wa mahakama hiyo.

Wakati jumba lile linawaka, serikali iliagiza vyombo vya habari vijizuie kutangaza yanayotendeka. Na jioni ile runinga ya taifa ilionyesha nini? Mechi ya mpira! Millonarios walikuwa wanacheza na Unión Magdalena. Wakolombia hawajasahau hata leo. Mji mkuu unaungua, majaji wanakufa, na raia sebuleni anaangalia kona na mikwaju ya adhabu. Hapo ndipo mtu anapoelewa kuwa mwenye ufunguo wa mtambo anaweza kuizima nchi nzima macho, tena bila kuzima runinga.

Jeraha halijapona, wiki moja tu baadaye, usiku wa tarehe 13 Novemba, mlima wa volkeno wa Nevado del Ruiz ukalipuka. Theluji ya kileleni ikayeyuka, matope yakateremka kwa kasi na kuuzika mji wa Armero. Zaidi ya watu 20,000 walikufa. Msichana mmoja wa miaka 13, Omayra Sánchez, alinaswa katika matope na vifusi kwa muda wa siku tatu mbele ya kamera, dunia nzima ikimwona, hadi akakata roho. Alikuwa mdogo kuliko sisi tulio kidato cha tatu. Kabla ya usiku ule ni nani nje ya Kolombia aliyepata kulisikia jina la Armero? Kamera zilifika, naam, lakini zilifika baada ya matope. Niliposoma habari hizo nilimkumbuka yule mama wa mtaani kwetu na swali lake.

Ngazi ya pili: Runinga ya mikoa

Mwaka huohuo wa 1985, mnamo Agosti, miezi michache kabla ya misiba hiyo, mlango mwingine ulikuwa umefunguliwa. Mkoa wa Antioquia, ambao mji wake mkuu ni Medellín, ulianzisha Teleantioquia, kituo cha kwanza cha mkoa nchini humo. Telecaribe ya pwani ya kaskazini ikafuata mwaka wa 1986. Mwaka wa 1988 ikaja Telepacífico, yenye makao yake Cali. Wakulima wa kahawa nao wakapata Telecafé mwaka wa 1992. Leo vituo vya umma vya aina hii ni vinane, pamoja na kile cha jiji la Bogotá.

Vituo hivi si vya mtu binafsi. Wenye hisa ni serikali za mikoa na mashirika ya umma. Fedha zao hutoka katika matangazo ya biashara na katika mfuko wa taifa.

Faida yake ni ipi? Jibu ni kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mhariri aliye Bogotá, kule juu penye baridi, hawezi kujua kinachomwasha mvuvi wa pwani. Telecaribe inahudumia mikoa saba ya bara katika pwani ya Karibi. Huko ndiko kwenye muziki wa vallenato unaopigwa kwa kodiani, na ndiko kwenye kanivali ya Barranquilla. Zamani mtu wa pwani alipoonyeshwa katika runinga ya taifa, mara nyingi alikuwa mtu wa kuchekesha, wa kuigwa lafudhi yake. Alipopata kituo chake akaanza kusoma habari kwa lafudhi ileile, na dunia haikuanguka.

Upande wa Pasifiki wanakaa Wakolombia wengi wenye asili ya Afrika. Wana ala yao ya mbao ambayo hugongwa kwa vijiti. Unajua wanaiitaje? Marimba! Neno hilohilo tulilo nalo katika Kiswahili. Muziki wao wa marimba umeorodheshwa na UNESCO tangu 2010 kuwa urithi wa binadamu wote.

Wanachama wa Chama cha Kiswahili, hamjasikia bado. Katika mkoa wa Bolívar, eneo la Telecaribe, kuna kijiji kiitwacho San Basilio de Palenque. Kilianzishwa na watumwa waliotoroka mabwana zao. Wanazungumza Kipalenke, lugha iliyochanganya Kihispania na lugha za Kibantu, hasa Kikongo. Katika lugha hiyo ng'ombe ni ngombe, na mtoto ni moná, ndiye mwana wetu huyo! Niliposoma hayo nilicheka peke yangu hadi dada yangu akaniuliza kama ni mzima.

Lakini kijiji hicho kina kisa kingine. Mwaka wa 1972 kijana wao mmoja, Antonio Cervantes, maarufu kama Kid Pambelé, alikuwa bingwa wa dunia wa ndondi. Nchi nzima ilimshangilia. Kijijini kwao hapakuwa hata na umeme! Inasimuliwa kwamba umeme uliletwa Palenque baada ya ushindi huo, kwa heshima ya bingwa. Yaani watu walikuwa wamekaa gizani miaka yote hiyo, na mwangaza ukaja kwa sababu mmoja wao alionekana. Ndiyo ile methali tena. Aliyekuwapo, na lake likawapo.

Kituo kingine kinachonivutia ni Teleislas cha visiwa vya San Andrés. Wenyeji wa visiwa hivyo huzungumza Krioli yao yenye asili ya Kiingereza, na kituo hicho hutangaza kwa Kihispania, Kiingereza na Krioli. Kwa wenye lugha ndogo, kusikia lugha yao ikitoka katika runinga ni sawa na kuambiwa, "Karibu kiti, nawe ni mtu."

Lakini tusisifu mno. Runinga ya mkoa nayo ina mwenyewe. Magavana ndio wenye sauti kubwa katika kuteua wakuu wake, na magavana, kama tunavyojua hata hapa kwetu, hupenda kuonekana wakikata utepe. Halafu mkoa wenyewe ni mkubwa. Medellín ina kunguni wake, na kijiji cha milimani kina wake pia. Kwa hiyo ilibidi iwepo ngazi ya tatu.

Ngazi ya tatu: Runinga ya mitaa

Hii haikuanzishwa na jenerali wala gavana. Ilianzishwa na majirani.

Katika miaka ya 1980, madishi makubwa ya setilaiti yalianza kuingia Kolombia. Bei yake ilikuwa ya kutisha, mtu mmoja hangeweza. Basi majirani wakafanya kama tunavyofanya katika harambee. Nyumba hii inatoa kidogo, nyumba ile inatoa kidogo, mpaka dishi moja likanunuliwa na kusimamishwa. Kisha nyaya zikavutwa kutoka kwenye dishi hadi nyumba baada ya nyumba. Kila mwezi kila mwanachama alilipa ada ndogo ya ukarabati. Walinasa chaneli za nje, na kwa kuwa nyingi zilitoka Peru, watu wakalitania dishi lao wakaliita perubólica.

Mwanzoni walitaka filamu na mpira tu, tusidanganyane. Lakini kumbe waya una siri moja: unaweza kuupitishia picha zako pia. Siku moja mtu anachukua kamera ya video, anapiga picha sherehe ya mtakatifu wa kijiji, anaunganisha mashine yake kwenye waya, na nyumba zote zinajiona. Kuanzia hapo mtaa haukuwa mtazamaji tu. Mkutano wa maji, mechi ya shule mbili jirani, mazishi ya mzee maarufu, vyote vikapata mahali.

Sheria nayo ikaja nyuma inahema. Katiba mpya ya 1991 ilimpa kila mtu haki ya kuanzisha chombo cha habari, na ikasema kuwa masafa ya hewani ni mali ya umma. Kisha Sheria nambari 182 ya mwaka 1995 ikazitambua rasmi ngazi hizi: taifa, mkoa, mtaa, na ile ya jamii isiyotafuta faida. Jamii iliyojipanga ingeweza kupata kibali cha kuendesha runinga yake ya waya, mradi isigawane faida, na iwe na vipindi inavyovitengeneza yenyewe. Hilo la mwisho ndilo muhimu. Haikutosha kula vya wenzako. Nawe ulitakiwa upike.

Mwaka wa 1998 yakatokea mageuzi mengine katika ngazi ya juu. Kampuni mbili, Caracol na RCN, zilianza kurusha chaneli zao binafsi za kitaifa tarehe 10 Julai. Nyuma ya kila moja lilikuwako kundi kubwa la kibiashara. Wa Caracol walikuwa wenye bia, na wa RCN wenye soda. Watazamaji wakawakimbilia, matangazo ya biashara yakawafuata, na kampuni nyingi ndogo zilizokuwa zikikodi saa katika chaneli za serikali zikafilisika. Mwaka wa 2004 Inravisión ikavunjwa na mahali pake pakachukuliwa na shirika jipya la umma, RTVC. Kwa hivyo ufunguo wa lango ulitoka kwa serikali ukaenda, kwa sehemu kubwa, kwa matajiri wawili. Mabadiliko hayo yalifanya runinga ndogo za mitaani ziwe na maana zaidi kuliko mwanzo.

Kitambaa cheupe uwanjani

Nitatoa mifano miwili inayoonyesha kwamba kazi hii si ya kujifurahisha tu.

Wa kwanza ni wa Montes de María, vilima vilivyo karibu na pwani ya Karibi. Eneo hilo liliumia sana katika vita baina ya waasi, wanamgambo na jeshi. Mwezi wa Februari 2000, wanamgambo waliwaua watu wapatao 60 katika kijiji cha El Salado na vitongoji vyake. Katika mji jirani wa El Carmen de Bolívar, jua likitua watu walijifungia ndani. Uwanja wa mji ukabaki wa mbwa.

Mjini humo kulikuwa na kikundi cha mawasiliano kilichoanzishwa mwaka wa 1994, mmoja wa waanzilishi akiwa mwandishi wa habari Soraya Bayuelo. Walikuwa wakiwafundisha watoto na vijana kutengeneza vipindi vya redio na vya video. Hofu ilipozidi, wakafanya jambo la ajabu. Walichukua projekta, wakatafuta mahali peupe pa kumulika picha, wakaonyesha filamu nje, uwanjani, usiku. Kwanza watu walichungulia dirishani. Kisha wakatoka mmoja mmoja, wamebeba viti vyao. Mwishowe uwanja ukajaa. Bunduki zilikuwa bado ziko vilimani, lakini kwa saa mbili watu wa mji mmoja walikuwa wameketi pamoja tena. Sinema yao ikazunguka vijijini. Mwaka wa 2003 kikundi hicho kilipewa Tuzo ya Taifa ya Amani. Tena hawakuishia hapo. Mwaka wa 2019 walifungua jumba la kumbukumbu linalohamahama, lenye jina la ndege wa huko, El Mochuelo, ili majina ya waliouawa yasipotee.

Mfano wa pili uko kusini, ukingoni mwa msitu wa Amazon, mjini Belén de los Andaquíes. Huko Alirio González alianzisha shule ya watoto ya kutengeneza video. Wengi wao ni wa umri wa shule ya msingi. Kamera hazikuwa nyingi, na kila mtoto alitaka kuishika. Basi ikawekwa kanuni moja tu: bila hadithi, hakuna kamera. Mtoto anakuja kwanza na hadithi yake, ya mto wanakoogelea, ya baiskeli iliyoibwa, ya nyanya anayesuka mikeka. Anaisimulia, wenzake wanamwuliza maswali, anaichora. Hadithi ikisimama, ndipo anapewa kamera. Nadhani hiyo ndiyo kanuni bora ya uandishi niliyowahi kuisoma, na walioitunga hawakuwa wanatufikiria sisi wa insha.

Basi ngazi ipi ni bora?

Nilipomweleza rafiki yangu haya yote akaniuliza, "Sasa si waache hizo ndogo tu, hizo kubwa za nini?" Hapana, ndugu. Runinga ya mtaa haiwezi kumwuliza rais swali, wala haiwezi kutuma mwandishi kwenye mashindano ya dunia. Umaskini unaitafuna: kamera ikiharibika huenda ikakaa mwaka mzima bila kutengenezwa, na siku hizi kampuni kubwa za kebo pamoja na intaneti zinawanyang'anya wanachama. Runinga ya mkoa ina vifaa zaidi, nayo inamjua mtu wake, lakini inamwogopa gavana. Runinga ya taifa inawafikia wote, lakini kwa kuwatazama wote mara moja haimwoni mtu. Hizi ni kama mafiga. Moja haliinjiki chungu, na ukiondoa moja uji unamwagika.

Funzo ninalolipata mimi ni hili. Mwaka wa 1985 runinga ya Kolombia ilikuwa na ufunguo mmoja, na aliyeushika akaonyesha mpira huku jumba likiungua. Funguo zikiwa nyingi, na nyingine zikiwa mikononi mwa watoto wenye hadithi ya baiskeli, ni vigumu mtu mmoja kuifumba macho nchi nzima. Na majirani wa Kolombia hawakungoja kuonekana. Walivuta waya wenyewe, tena kabla ya sheria kuwaruhusu.

Nikirudi kwa yule mama wa mtaani kwetu, nimempata jibu, ijapokuwa limechelewa. La, mama, si lazima tufikwe na maafa. Lakini pia tusitarajie kuwa mwenye kamera wa mbali atakuja siku ya jua kutuuliza jina la mto wetu linavyotamkwa. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Kwa hivyo napendekeza kwa Chama chetu kwamba toleo lijalo la jarida hili kila mwanachama alete hadithi moja ya mtaa wake, iliyosimuliwa, ikaulizwa maswali na kusimama. Runinga hatuna. Kamera hatuna, na simu haturuhusiwi kuja nazo shuleni. Lakini hadithi, wenzangu, hakuna aliyezipiga marufuku.